Shangazi wa Jikoni: Vifuko vya supu vya bei nafuu nitavipata wapi?

*Shikamoo Shangazi. Mwezi uliopita rafiki yangu alinialika kwenye mgahawa wa Kichina kusherehekea siku yake ya kuzaliwa. Kikaletwa kikapu cha mianzi kinachofuka mvuke. Ndani mlikuwa na vifuko sita vyeupe vya unga, na kila kimoja kina nyama na supu ya moto. Mhudumu akasema vinaitwa xiaolongbao. Tangu siku hiyo havinitoki akilini. Nilirudi peke yangu kwa pesa yangu, bili ilipokuja nikaishiwa nguvu. Nikajaribu mahali pengine pa bei ya chini, vikaletwa vinene, vikavu, hata tone la supu hamna. Nitautambuaje mgahawa mzuri wa bei nafuu kabla sijatoa pesa? – Mwenye Hamu*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu hamu hiyo naijua. Siwezi kukutajia mgahawa wa mtaani kwako, maana sijui unaishi wapi, lakini kuutafuta naweza kukufundisha. Tuanze na supu inavyoingia ndani ya unga, kwa kuwa ukishajua hilo utajua pesa yako inalipia nini.

Niliishi Shanghai majira mawili ya baridi, mume wangu akiwa masomoni. Mdomoni mwa kichochoro chetu palikuwa na chumba kimoja cha kuuzia chakula, na mwenyewe nilimwita Ayi, yaani mama mdogo, kama watu wa kule wanavyomwita mwanamke wa umri ule. Jioni Ayi alikuwa akibandika sufuria kubwa ya ngozi za nguruwe, tangawizi na majani ya vitunguu, akaiacha ichemke kwa moto mdogo saa nyingi mpaka maji yashike uzito. Kisha anachuja, anamimina kwenye trei na kuiweka kwenye baridi. Asubuhi ule mchuzi ulikuwa umeganda, ukiutikisa unachezacheza. Ni jelatini iliyotoka kwenye ngozi. Anaukatakata vipande vidogo, anauchanganya na nyama ya kusaga, na mchanganyiko huo wa baridi ndio unaofungwa kwenye unga. Ukipigwa na mvuke unayeyuka na kurudi kuwa supu, nayo haina pa kutokea kwa sababu mdomo wa kifuko umefinywa. Hakuna anayemimina supu ndani.

Sasa tazama vitu vilivyoingia humo: ngozi, ambayo bucha nyingi huiuza kwa bei ya chini kabisa. Nyama ya kusaga kidogo. Unga wa ngano na maji. Tangawizi, chumvi, sosi ya soya. Hakuna kitu cha anasa hata kimoja. Kinachogharimu ni mikono. Kila kidonge cha unga lazima kisukumwe peke yake, kiwe chembamba pembeni na kinene kidogo katikati ili kisipasuke chini, halafu kijazwe na kufinywa mikunjo ukikizungusha kiganjani. Ayi na mkwewe walikuwa wakifanya hivyo tangu kabla ya mapambazuko. Mimi nilipojaribu, mikunjo yangu ilikuwa tisa, mipana, na supu ilivuja. Yake ilikuwa inapita kumi na nane, na hakuwa akiitazama mikono yake. Alikuwa akizungumza na wateja.

Kwa hiyo unapotafuta bei nafuu, unatafuta watu wanaovifunga kwa mikono yao lakini hawakutozi marumaru, zulia wala mtaa. Na bei ikiwa chini mno, chini kuliko inavyoweza kulipa mikono ya mtu, basi ujue hapo hakuna aliyevifunga. Vimetoka kwenye friza, na vimetengenezwa na mashine mbali na hapo. Nina hakika hicho ndicho kilichokupata kwenye mgahawa wa pili.

Wala usione haya kutafuta cha bei nafuu, kana kwamba unakishusha hadhi chakula cha wakubwa. Xiaolongbao maana yake ni mkate wa mvuke wa kikapu kidogo. Simulizi inakipeleka Nanxiang, mji mdogo wa soko ambao leo ni sehemu ya Shanghai, na inamtaja muuzaji aliyeitwa Huang Mingxian, mwaka 1871. Alikuwa akiuza mikate mikubwa ya mvuke yenye nyama, wenzake wakamwiga, naye akaamua kuifanya midogo, ganda jembamba na nyama nyingi. Kilianza kama chakula cha mfanyabiashara anayegombea wateja wa kila siku. Hata Din Tai Fung, ambao sasa wana migahawa nchi nyingi, walianza Taipei mwaka 1958 kama duka la mafuta ya kupikia. Biashara ya mafuta ilipodorora wakaanza kuuza vifuko vya supu dukani, na mwaka 1972 wakawa mgahawa kamili. Nawataja kwa sababu wametoa vipimo vinavyosaidia kupima migahawa mingine: ganda gramu 5, nyama gramu 16, mikunjo 18. Kifuko kizima ni gramu 21. Ukiletewa kinachojaza kiganja chako, huenda ni kitamu, lakini ni chakula kingine.

Haya, twende kutafuta. Anza na watu wanaokila nyumbani kwao. Kama mahali unapoishi kuna duka la vyakula vya Kichina, nunua chochote kidogo, kisha muulize mwenye duka anakula wapi siku yake ya mapumziko. Usimuulize mgahawa upi ni mzuri. Hapo atakutajia ule mkubwa kwa heshima. Muulize yeye mwenyewe anakula wapi. Wanafunzi wa Kichina wa vyuo nao wanajua kila chumba cha kulia chenye bei ya kubeba. Swali la pili ni wapishi wametoka wapi, na hili watu hawalikumbuki. China ni kubwa mno. Mpishi wa Sichuan anaweza kuwa hodari wa pilipili na asiwe na habari na kifuko cha supu. Unatafuta jikoni la watu wa Shanghai au wa mikoa jirani ya Jiangsu na Zhejiang, au la Wataiwani. Kibaoni tafuta herufi hizi tatu: 小笼包. Wataiwani wataandika 小籠包, herufi ya kati ina mistari mingi zaidi. Ukiona 汤包 hiyo ni mikate ya supu, nayo ni jamaa yake.

Ukifika mlangoni, usikae kwanza. Tazama orodha ya vyakula. Mimi nikiona kurasa kumi na mbili zenye vyakula vya kila mkoa wa China, na vya Japani na Thailand juu yake, naaga. Watu wawili au watatu jikoni hawawezi kupika vyote hivyo na bado wakapata muda wa kufinya mikunjo. Orodha fupi ndiyo ya kuaminiwa: vifuko vya aina mbili tatu, tambi, supu, mboga moja. Kisha tafuta mikono. Migahawa mingi ya kazi hii ina dirisha la kioo ambapo watu wanafunga mbele yako, na hata pasipo na dirisha, kwenye saa zisizo na wateja utawaona wamekaa kwenye meza ya nyuma, unga umetapakaa, bakuli la nyama katikati. Ukiona meza hiyo, kaa.

Agiza kikapu kimoja tu, cha nyama ya kawaida, kisha angalia saa. Vifuko vinapikwa kwa mvuke ukishaagiza, na vinahitaji dakika nane hivi mpaka kumi. Vikija baada ya dakika mbili, na hapakuwa na foleni ya watu wanaoagiza hicho hicho, vilikuwa vimekaa kwenye mvuke vikikungoja wewe, na ganda lililokaa hivyo linalowa na kukatika. Vikija, usile bado. Kishike kimoja kwa vijiti pale juu kwenye kifundo, ukinyanyue polepole. Kizuri kinaning'inia kama tone linalotaka kudondoka, unaona uzito wa supu umeshuka chini. Kama kimesimama wima vilevile kama kilivyokuwa kikapuni, ndani ni nyama tupu. Na kama kinang'ang'ania kikapu mpaka kinatoboka, aidha ganda ni dhaifu au hawakuweka kitambaa au jani chini yake; hilo ni kosa la uzembe na linakuambia mengi kuhusu jikoni.

Mwaka 2015 mwandishi mmoja wa chakula, Mmarekani aliyekuwa akiishi Shanghai, alitoa matokeo ya upimaji wake wa migahawa 52 ya mji ule. Alikuwa akiingia na mizani ndogo, mkasi na kifaa cha kupimia unene. Anakata kifuko, anapima supu, anapima nyama, kisha anapima ganda kwa sehemu za milimita. Hesabu yake ilikuwa kuchukua uzito wa nyama na supu na kuugawa kwa unene wa ganda. Wako waliomlaumu kwamba ladha haipimwi. Mimi naona alishika jambo la msingi, na wewe unaweza kulifanya kwa kijiko tu. Weka kifuko kwenye kijiko kipana, kitoboe, uone supu inajaa mpaka wapi. Ikifunika chini ya kijiko na kupanda kidogo, umepata. Onja supu hiyo kabla hujatia siki. Iwe tamu kidogo, yenye kunata midomoni kwa ajili ya ile jelatini. Supu nyepesi kama maji yenye mafuta juu, yule mpishi aliruka kazi ya usiku kucha.

Sasa bili. Usilinganishe bei ya kikapu kwa kikapu, kwa sababu kimoja kina vifuko sita, kingine vinane, kingine kumi. Gawa. Nimewahi kuona kikapu kilichoonekana rahisi kikawa ghali kuliko cha jirani yake baada ya kuhesabu. Uliza pia kama chai, siki au kukaa mezani vinatozwa. Kwenye migahawa mingine hivyo ndivyo vinavyoivimbisha bili, si vifuko. Mkiwa wawili agizeni vikapu viwili na bakuli moja la tambi za mchuzi mgawane, mtashiba. Vya kaa viache kwa sasa. Kaa wa kule ni chakula cha msimu, na sifa yake iko katika mwezi wa tisa na wa kumi wa kalenda ya Kichina, majira ya kupukutika majani. Nje ya msimu huo unalipa zaidi kwa rangi ya njano na jina.

Na mahali pakiwa pazuri lakini mfuko bado unagoma, uliza kama wana shengjianbao, 生煎包. Nacho ni kifuko chenye supu ndani, lakini ganda lake ni nene zaidi na linakaangwa kwenye chuma kipana chenye kifuniko, chini kunakuwa na ukoko unaolia, juu ufuta na majani ya vitunguu. Shanghai huuzwa vinne vinne. Kufunga kwake hakudai ustadi ule wa ganda jembamba, kwa hiyo mara nyingi bei inashuka na tumbo linajaa. Kipindi mume wangu posho yake ilipochelewa, tuliishi kwa hivyo karibu wiki tatu, na sikumbuki kama tulijiona maskini.

Jambo moja la mwisho kwako, kwa sababu barua haikusema kama ulifundishwa: usikitie kinywani kizima. Siku yangu ya kwanza nilifanya hivyo, nikaungua kaakaa nikashindwa kula kitu cha moto siku nne. Kishushe kwenye kijiko, kitoboe pembeni kwa meno, acha mvuke utoke, nyonya supu, ndipo ule kilichobaki na nyuzi za tangawizi mbichi zilizolowa siki nyeusi. Siki halisi ni ile ya mji wa Zhenjiang, inayotengenezwa kwa mchele wa kunata. Wakikuletea siki nyeupe ya kusafishia kachumbari, iombe nyingine bila kuona aibu.

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni Mwislamu, sili nguruwe. Nimeona mgahawa una vifuko vya supu vya kuku. Je, naweza kula bila wasiwasi? – Msomaji wa siku nyingi*

Marahaba. Usile mpaka umeuliza swali moja, na uliulize kwa mpishi mwenyewe ukiweza: mchuzi ulioganda ndani yake umetokana na nini? Rudi kwenye sufuria ya Ayi. Nyama ndani ya kifuko inaweza kuwa ya kuku au ya kaa, na supu bado ikawa ya ngozi ya nguruwe, kwa sababu jikoni nyingi zina trei moja tu ya jelatini kwa aina zote. Mhudumu akikuambia "ni kuku" anasema kweli kama anavyoijua, naye hajadanganya. Hakuulizwa habari ya supu. Nimeumizwa na jambo hili kwa ajili ya rafiki yangu mpenzi aliyekula kwa imani miezi kadhaa kabla ya kugundua, na alilia mbele yangu.

Lakini usikate tamaa, kwa kuwa Waislamu wa China wana vifuko vyao vya supu tangu zamani. Katika mji wa Xi'an, kwenye mtaa wa Waislamu wa kabila la Hui, vinatengenezwa kwa ng'ombe au kondoo, na supu inatoka kwenye mifupa ya mnyama huyo huyo. Vinaitwa guantang baozi, 灌汤包子. Ganda lake ni nene kiasi na viungo vyake vina nguvu, unasikia pilipili manga na harufu ya kondoo. Kwa hiyo wewe usitafute kibao cha Shanghai. Tafuta herufi mbili, 清真, qingzhen, ambazo ndizo alama ya chakula cha halali cha Kichina, mara nyingi kwenye kibao cha kijani na pengine na maandishi ya Kiarabu pembeni. Migahawa hiyo kwa kawaida ni ya tambi za kuvuta kwa mkono, ya familia, na bei yake huwa ya watu wa kawaida. Vifuko visipokuwa kwenye orodha, uliza. Wengine huvitengeneza siku maalumu tu.

*Shangazi, nimeona picha ya kifuko kikubwa kama sahani, mtu ananyonya supu kwa mrija. Je, nikitafute hicho? – Mdadisi*

Hicho ni cha Jingjiang, mkoani Jiangsu, cha supu ya kaa, na huletwa kimoja kwa kila kikapu. Pale kwao ni kazi ya heshima, ganda jembamba lililobeba supu nyingi kiasi kile bila kupasuka. Nje ya hapo nimekila mara mbili, na mara zote mbili ganda lilikuwa halilika na supu ilikuwa ya unga wa pakiti. Pesa hiyo hiyo inunulie vikapu viwili vya vidogo.

*Shangazi, ninapoishi hakuna mgahawa wa Kichina hata mmoja. Kuna duka linalouza vilivyogandishwa. Nifanyeje viwe na supu? – Wa mbali*

Nunua pakiti ambayo vifuko vyake vimeachana, kila kimoja kwenye kishimo chake. Vikiwa vimeshikana donge moja, viliwahi kuyeyuka njiani vikaganda tena, na supu imekwisha kuvuja. Nyumbani usiviyeyushe. Chemsha maji kwanza yatokote, tandika majani ya kabichi kwenye kikapu cha mvuke au chujio la chuma, panga vifuko vikiwa bado jiwe, viachane upana wa kidole, kisha funika. Vikae dakika kumi na mbili hivi, au kama pakiti inavyosema, na usifunue kuchungulia. Vipeleke mezani na kikapu chake, kwa sababu ukivihamishia kwenye sahani vitashika na kutoboka. Kama duka lina siki ya Zhenjiang, chukua chupa. Hudumu muda mrefu kabatini.